Soko huria lilivyonibebesha ndoo kichwani: bomba la ng'ombe lisilo na kibali

Wakuu, mwangaluka.

Hii sikusimuliwa. Kichwa kilichobeba ndoo ni hiki hiki chenye mvi.

Miaka ya mwanzo ya soko huria nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji kijijini, huku Nkoma. Nilikuwa na fomu foo yangu, basi nikajiona waziri.

Tulikuwa na tenki moja kilimani. Maji yalishuka kwa bomba hadi koki ya zahanati. Basi.

Sisi wafugaji tukataka bomba lifike bondeni, kwenye birika la ng'ombe. Nikapanda baiskeli hadi ofisi ya maji, Bariadi. Fundi mmoja, kijana mpole, akanisikiliza.

"Mzee, leta maombi. Tutakuja kupima na kuchora, kisha mtapewa kibali."

"Lini?"

"Baada ya mvua."

"Baada ya mvua ng'ombe watakunywa madimbwini, kijana. Kibali chako nikikaange?"

Nikarudi, nikaitisha mkutano. "Pamba serikali imeachia. Maduka imeachia. Maji inang'ang'ania ya nini?"

Makofi! Hasa kutoka kwa wenye ng'ombe wengi, nami nikiwemo.

Mke wangu Kabula peke yake ndiye aliyeguna. "Baba Masanja, ng'ombe huwa wanafunga koki?"

Nikamwambia hayo ni mambo ya kiufundi.

Tukaita kikundi cha ngoma kichimbe mtaro. Kwetu jembe haliendi bila ngoma. Tukachinja dume, tukaunga bomba, maji yakabubujika birikani. Nilicheza mpaka kofia ikaanguka.

Valvu ya kufungia hatukuweka. Nani angeikumbuka, wapiga ngoma?

Sasa maji hayajui mwenyekiti wala fomu foo. Yanajua mteremko. Tenki lote likawa linahamia bondeni.

Haikupita wiki, mke wa mwanangu Masanja akashikwa na uchungu. Kabula akampeleka zahanati. Mimi nikakaa nje, kama ilivyo heshima ya baba mkwe.

Nesi akatoka na ndoo tupu.

"Mwenyekiti, koki inakohoa hewa. Mkweo anavuja damu. Nataka maji sasa hivi, siyo kesho."

Wanawake wote walikuwa mashambani wakichuma pamba. Baiskeli alikuwa nayo Masanja. Nikabaki mimi na ndoo.

Wakuu, mwanaume wa Kisukuma wa rika langu, ndoo kichwani! Nilishuka bondeni, nikamsukuma dume langu pembeni, nikakinga kwenye mdomo wa bomba. Lile dume lilinitazama kama mwizi.

Wakati wa kupanda nikakutana na wale wapiga ngoma.

"Mwenyekiti, tukupigie?"

Nikawapita. Shingo ilikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa naomba tu nisikute kilio pale juu.

Nilikwenda na kurudi mpaka nesi akasema inatosha. Mama na mtoto wakapona.

Kesho yake nikaenda Bariadi, kofia mkononi. Yule kijana hakunicheka. Alikuja, akapima, akaelekeza: valvu hapa, na birika lipate maji yanayofurika tu, tenki likishajaa. Kazi ya asubuhi moja.

Funzo langu: soko liliachiwa huru, mteremko haukuachiwa. Anayekuambia usubiri kupimwa si lazima awe anatafuta chai.

Mjukuu aliitwa Minzi, yaani maji kwa Kisukuma. Ana watoto wake sasa, lakini kila akija kunisalimia huanzia mlangoni: "Guku, ndoo yangu iko wapi?"

Nacheka naye. Akishaondoka, sicheki.

Haya, karibuni mnichape. Na kama kuna mwenyekiti mwenzangu humu aliyewahi kuunga bomba kwa ngoma, ajitokeze, nisiaibike peke yangu.