Antoni na Godoro la Mama Mkwe

Antoni wa Ujiji ni fundi cherehani sokoni Mwanga, na cherehani yake inachechemea: mapigo manne inakwenda sawa, la tano inajikwaa. Wateja hulalamika. Yeye aliona ni kasoro tu, mpaka mjomba wake alipomwachia saksafoni na siku moja akasikia, kwenye simu yake, wimbo wa Walter Brimble, marehemu Mmarekani aliyetunga muziki mkubwa wenye ladha ya jazi. Mapigo matano, kisha kimya kirefu katikati, kisha tena. Antoni alilia mpaka akadondosha mkasi. Akasema yule mtu lazima naye alikuwa na cherehani mbovu.

Tangu hapo suruali za watu zilianza kuchelewa. Alitunga wimbo wake mwenyewe kwa mtindo huo, pamoja na kile kimya. Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kuusikia mpaka mwisho. Majirani walipandisha redio, kwaya ilikataa, na mkewe Marsiana alisinzia kila mara kabla ya nusu. Antoni aliumia sana, maana alitaka mtu mmoja tu ausikilize mpaka mwisho.

Harusi ya shemeji yake Agnesi ikaleta bahati. Wilfred, kiongozi wa bendi, alimruhusu kupiga wakati wa zawadi, kwa onyo.

"Ukiharibu harusi ya ukweni kwako, kaka, saksafoni utawapigia dagaa."

Sasa, zawadi huletwa mbele kwa kucheza, na muziki ukikata, mzigo unatuliwa. Antoni alilijua hilo tangu utotoni, lakini mapenzi hupofusha.

Mama mkwe, Bi Marcelina, aliingia na dada zake, godoro kichwani. Mapigo matano ya Antoni yakawapeleka kushoto walipotaka kulia. Walipofika katikati ya ukumbi, kimya kikaingia. Godoro likatuliwa papo hapo. Shangazi mmoja akatua sufuria juu ya mguu wa mshereheshaji. Wilfred akashika gitaa haraka aokoe shughuli kwa rumba, na Antoni akajua yamekwisha.

Bi Marcelina alikuwa ameshakaa juu ya godoro, miguu ameinyoosha.

"Mama, inuka, watu wanasubiri," alinong'ona Marsiana.

"Oya, hapana, siinuki. Kila nikija kwenu huyu baba anaanza wimbo huu, na kila mara mtu anamkatiza. Leo nataka nijue unaishiaje. Wilfred, weka gitaa chini."

Gitaa likawekwa. Wageni wakakalia ndoo na masufuria yao, na Antoni akapiga mpaka noti ya mwisho.

Bi Marcelina alifikiri kidogo.

"Mzuri," alisema. "Kumbe unajua kumaliza kitu. Basi kesho ukamalizie na mguu wa pili wa suruali ya baba mkwe wako."

Antoni alijifuta machozi kwa tai.

"Ndiyo, mama," akasema.