Uso wa Tatu Kikombeni

Kikombe cha kombe nyumbani kwetu Ibra, Omani, kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Kilikuwa kirefu, cha kauri nyeupe, na kishikio chake kimesukwa kama ukili. Bibi, mama yake Baba, alitoka nacho Unguja akikipakata njia nzima, na hakuna aliyethubutu kukinywea chai. Mtu akiugua, Bibi aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akazisuuza kwa maji ya waridi, akayamimina kikombeni, mgonjwa akanywa. Mimi nilinyweshwa kwa mafua, kwa mitihani, na mara moja kwa ulimi wangu mrefu. Haukufupika.

Kwa nje walichorwa watu watatu: bwana wa Kizungu mwenye nywele nyeupe za kubandika, mwanamke mwenye gauni pana, na kati yao mtoto aliyeshika ndege. Bibi hakutaka sura za watu nyumbani, akisema zinafukuza malaika, kwa hiyo wale wakubwa aliwakwangua nyuso kwa msumari. Uso wa mtoto aliuacha. Tulipomuuliza, alisema mkono ulimgomea.

Kwa sheria hiyo hiyo hatukupiga picha. Ndiyo maana mdogo wangu wa kiume alipofariki kwa homa, hata kukimbia hajajua vizuri, hatukubaki na picha yake hata moja. Mama aliomba jina lake lisitajwe, na halikutajwa. Baadaye, miaka ya tisini mwanzoni, akazaliwa mdogo wangu wa kike. Huyu alifika umri wa chekechea bila kutamka neno. Bibi akawa anamnywesha kombe kila Ijumaa.

Ijumaa moja mchana, baada ya chakula, mtoto yule aliweka kidole juu ya mtoto wa kikombeni akataja jina la marehemu. Alilitamka wazi, kama tulivyokuwa tukilitamka sisi. Lilikuwa neno lake la kwanza. Kisha akainamisha sikio, akangoja, akacheka kama aliyejibiwa. Mimi si mtu wa kuamini mambo haya. Nilijiambia atakuwa kalisikia kwa majirani, na nywele zikanisimama vile vile.

Tangu hapo Mama hakukiachia kikombe. Alisema shavu ni lake yule, na kidevu ni chake. Baba alikuwa kazini Maskati, akija mara moja moja, na sisi tulibaki tukimtazama. Alikaa nacho mapajani mchana kutwa, mdogo wangu ubavuni pake, wote wawili kimya, wakisikiliza. Wali ulipoa mbele yao. Niliogopa, nasema kweli. Mama yangu alikuwa anatutoka na huku amekaa pale pale.

Siku moja Bibi akaja na msumari.

"Mama," mama yangu alimwambia kwa sauti ya chini, "yule nilikutii, sikumpiga picha. Huyu humgusi."

Bibi aliuweka msumari chini. "Basi kitoke nyumbani, mwanangu, nakuomba. Khalas. Unaye mwengine, yu hai, anakutizama."

Mama alimtazama mdogo wangu. "Kitoke," akasema. "Lakini nitakipeleka mimi."

Nilikuwa na leseni mpya ya udereva na ofisi yangu ilikuwa mji wa Nizwa, nikajua pa kwenda. Nikawapakia wote. Mwenye duka la vitu vya kale sokoni, Mwarabu aliyekulia Burundi, alikigeuza kikombe mara mbili tatu.

"Hii kikombe ni ya China, mama. Ya zamani sana. Wachina walitengenezea Wazungu, ya kunywea bia."

Bibi, aliyeunywesha kombe ukoo mzima, alijifuta midomo kwa ncha ya leso. "Astaghfirullah," akasema. Siku nyingine yoyote ningecheka mpaka nianguke.

Mama alikuwa na swali moja tu: je, mtoto atakwanguliwa?

"Hapana, mama. Hiyo uso moja ndiyo watu watataka."

Mama akaubusu uso ule, akakiweka kikombe mezani, akatoka bila kugeuka.

Tukashika njia ya kurudi Ibra. Bibi alikaa mbele nami, Mama na mdogo wangu nyuma. Tulipoupita mji wa Izki nilimsikia mdogo wangu akisema, "Kaa hapa." Nikatazama kioo. Alikuwa amejisogeza mpaka mlangoni, ameacha nafasi kati yake na Mama. Mama aliitazama nafasi ile. Kisha akanyanyua mkono taratibu, akauweka pale, kama mtu anavyomkinga mtoto asianguke gari likikata kona.

Bibi aligeuka, akaona. Nikangoja aseme, maana hakuna jambo lililompita bila neno. Akarudi kutazama barabara.

"Endesha taratibu, mwanangu," akaniambia. "Una watoto nyuma."