Muuza Manukato Aliyefua Nepi Zangu

Tulikuwa wanne sebuleni kwangu, Mountain View. Mimi, binti yangu anayeuza vitambaa mjini, mwanawe, aliyeacha ualimu akaenda kusomea shahada ya udaktari katika sosholojia, na profesa wake kutoka Spring Valley, mwanamume aliyechovya mkate kwenye chai mpaka ukameguka, kisha akauvua kwa kidole. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, ila mjukuu amenisihi niyaache mpaka kazi yake ipite.

Kwetu msichana hupewa jina la nyanya, na huyu alipewa langu. Ndiyo maana binti yangu humwita mwanawe "mama".

Mjukuu huyu alikuwa akifundisha shule ya upili karibu na Adams Arcade. Wasichana wake wakawa wanasinzia darasani, na kila akimwita mzazi, anakuja nyanya. Mama zao wako wapi? Swali hilo ndilo lililomtoa kwenye chaki. Nilisikitika, kwani mwalimu ni mtu wa kusalimiwa barabarani. Lakini aliposema anaandika juu ya nyanya wanaolea wajukuu, na mimi nimo kwa kuwa ndimi niliyemlea, nilitulia.

Siku ile alikuja kunisomea sura yangu. Nisingeridhika ingetolewa, na bila hiyo asingekuwa na kazi ya kupeleka chuoni.

Akasoma. Kuna mwanamke anafua nepi asubuhi ya baridi, kisha anauza mboga za sukuma wiki sokoni Kangemi, mtoto mgongoni. Nepi zangu, sukuma yangu. Ila mwenyewe aliitwa jina la madaha, kama la mtu wa kuuza manukato.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, shosho. Wote tumewabadilisha majina."

"Kwani nimeiba nini?"

"Ni kukulinda tu," profesa akasema, mdomo umejaa. "Ndio utaratibu wa utafiti."

Binti yangu akacheka. "Mama, maisha yote umeitwa mama fulani na hukulalamika."

"Hilo nililipata kwa kuzaa. Hili limetoka wapi?"

"Nililichagua kwa sababu ni zuri," mjukuu akasema polepole.

Nilishikwa na kinyaa, kama mtu aliyekuta kamisi yake imevaliwa na mgeni. Nikamwambia aitoe sura hiyo.

Hakubishana. Alifunga kompyuta, akaiweka mapajani. "Shosho, jalada litakuwa na jina langu. Na langu ni lipi?"

Nilimalizia chai yangu. Nikamwambia basi, apeleke.

Bado inanichefua. Nje, kwenye jalada, niko mimi; ndani muuza manukato anafua nepi zangu. Hata kile kikombe cha profesa, chenye makombo chini, nilikiosha mara mbili.

Labda maneno mengine sikuyasikia sawasawa. Nyinyi watatu, nirekebisheni, lakini mkate niliuona. Na wewe uliyewahi kununua sukuma kwangu Kangemi, ukiona nimekosea, njoo uniambie. Jina langu unalijua.