Mizani ya Kahawa Kwenye Ndondi za Mbale

Jamani, hii habari naieleza nimeinamisha kichwa, maana hata mke wangu hapa Walukuba, mtaani kwetu Jinja, aliisikia kwa watu sokoni kabla sijathubutu kumwambia. Miaka ile ya tisini nilikuwa katibu wa ndondi kanda ya mashariki ya Uganda, na mgeni kutoka shirikisho la dunia alikuja kuniangalia kazi, kwamba akiridhika ananiingiza kwenye kamati yao, yaani mimi, mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani, nipande ndege nikasimamie mapambano ya nchi za watu! (Suti nilishashona.)

Mashindano yalikuwa Mbale. Tunatoka Jinja asubuhi, nikaona mizani yetu ya kupimia mabondia itambana mgeni kwenye gari, nikasema iacheni, Mbale kumejaa wanunuzi wa kahawa, mizani haikosekani. Basi nikaazima ya mnunuzi mmoja pale mtaa wa Nabuyonga, ile ya magunia. Mgeni akauliza kama ni ya chama, na mdomo wangu huu, badala ya kusema ya kuazima, ukajibu: "Ni yetu, bwana. Naitumia miaka yote, haijawahi kukosea." Mtangazaji (nilimwagiza mwenyewe atafsiri kila neno la Kiingereza) akalirusha hilo kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukasikia.

Wa kwanza kupanda alikuwa afande wa magereza aliyejinyima chakula wiki nzima ili uzito wake ushuke. Mizani ikamwonyesha kama mtoto wa shule. Akanigeukia, machozi yanamlenga: "Katibu, mimi nalala njaa bure?" Nikamwambia shuka, afande, njaa imekukaa vizuri. Wa pili mwepesi, wa tatu mwepesi, mabondia wazito hawapo kabisa, jasho linanitiririka ndani ya suti, ndipo mgeni akavua viatu akapanda mwenyewe. Akasema yeye ni wa kilo tisini, mbona hapa anaona themanini? Na mtangazaji, Mungu amsamehe, akatafsiri.

Halafu mzee mmoja mkulima kutoka mlimani akasimama kule nyuma: "Hiyo mizani naijua! Ndiyo inapima kahawa yangu!"

Mwenzake akadakia: "Na katibu amesema ni yake! Kumbe mnatuibia wawili!"

Nikapiga kelele kwamba nimeazima, nimeazima jamani, lakini nani anisikie? Wakaibeba mizani juu juu, mimi wakanikamata ukosi wa suti mpya, tukaandamana mpaka dukani kwa yule mnunuzi, naye kuona umati macho yakamtoka, akaapa: "Si yangu! Hamkumsikia katibu? Mpaka hapa kipaza sauti kilifika!" Polisi ndio walionitoa mikononi mwao, shati limechanika, na ndondi hazikupigwa hata raundi moja.

Tulipoingia Jinja ndipo mgeni akasema, kwa upole ambao ni heri angenitukana: "Ungeniambia tu ni ya kuazima, tungecheka, tukatafuta nyingine."

Nafasi akapewa mtu mwingine. Ninyi mnacheka, lakini mimi sentensi ile bado inaniamsha usingizini. Siku hizi nikiazima hata kijiko natangaza mbele ya watu, hiki cha jirani, wananiona nimerukwa na akili. Waache waone hivyo. Mimi ndege nazisikia zikipita juu tu.