Mama Kochini, Darubini Kitandani

Mume wa dada yangu ni fundi vanishi, na kwa kazi hiyo simsemi vibaya. Mpelekee kabati lililotafunwa na panya, likamwagiwa chai, likaachwa mvuani, naye atakurudishia kitu utakachoona haya kutia nguo ndani yake. Ubaya wake ni kwamba akimaliza kung'arisha vya watu hutafuta vya kwake. Wanaume wengine hupotezwa na pombe, wengine na vimada. Shemeji yangu alipotezwa na darubini kuukuu, zile za kutazamia nyota.

Huzipata kwa wauza vitu chakavu, kwa wajane wanaohama nyumba, na moja aliipata kwenye stoo ya shule iliyofungwa. Haulizi kama inaona. Huuliza kama bomba ni la shaba, kama ile miguu mitatu ni ya mbao ngumu, na kama jina la aliyeitengeneza bado linasomeka. Kisha hupanda nayo ngazi ameikumbatia kama mtoto anayetoka hospitali. Mtaa mzima humwita Mnajimu, na yeye hudhani wanamsifu.

Mnajimu huyo hakuwa ametazama nyota hata moja. Siongezi chumvi. Jioni mbingu ikiwa haina wingu, ungemkuta chumbani amefunga dirisha ili vumbi lisiingie, anasugua skrubu kwa pamba. Penye miti hapana wajenzi. Nilipomuuliza anangoja nini, alinijibu kwa sauti ya msomi kwamba chombo lazima kwanza kiwe tayari.

Ningemwacha na wazimu wake, ila mama yetu alianguka akavunjika nyonga, na alipotoka hospitali akahamia kwa dada. Nyumba yao ina vyumba viwili vya kulala. Kimoja wanalala wao. Cha pili kilikuwa cha darubini: ndefu zimesimama sakafuni, nyingine zimelazwa kitandani na kufunikwa shuka. Shuka safi, iliyopigwa pasi na dada yangu mwenyewe. Mama akawekwa sebuleni, kwenye kochi lililo fupi kuliko yeye, miguu ikining'inia ukingoni. Mwanamke aliyekuzalia mke analala amejikunja ili bomba la shaba lipate kunyoosha mgongo. Nilifura kwa hasira. Nilianza na dada, maana yeye ndiye aliyenyamaza, naye akaniomba tuvumilie, mumewe anatafuta pa kuzipeleka. Alikuwa akitafuta tangu mvua zilizopita.

Mama hakugomba. Mama mkwe hagombani na mkwe wake. Ana njia nyingine. Siku moja tunakunywa chai, akamwambia kwa upole mbele yetu.

"Baba, nasikia mwezi ukiutazama kwa hizo zako unauona karibu. Basi nionyeshe. Ukinionyesha, nitalala hapahapa kochini na hutanisikia. Ukishindwa, nipe kitanda."

Shemeji alicheka. Mwezi, ambao hata mbuzi anauona bila msaada. Akakubali papo hapo, akachagua kubwa kuliko zote, nene kama pipa, ambayo alikuwa ameileta karibuni. Hiyo haina lenzi mbele. Ina kioo cha mviringo chini kabisa ya bomba, na kingine kidogo karibu na mdomo, vinavyorushiana mwanga hadi kwenye tundu la kuchungulia. Vioo vyote viwili vilikuwa na ukungu wa uzee, naye akaapa kwamba mama mkwe wake hataonyeshwa mwezi kwa kioo kichafu.

Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Maisha yake yote amesafisha vioo vya makabati, navyo hivyo unaweza kuvisugua upendavyo, kwa sababu fedha yake, ule utando unaorudisha sura, imepakwa nyuma. Akavifungua vile viwili, akavipaka dawa yake ya kung'arishia, akavisugua wiki nzima. Kila jioni alituletea kitambaa tukione. Kilikuwa cheusi tii.

"Uchafu wa miaka hamsini huu," alisema, akikipitisha mbele ya pua zetu kama mtu aliyekamata mwizi.

Siku yenyewe ilipofika, jua lilikuwa limezama punde na nusu ya mwezi iko juu ya mapaa, wazi kabisa. Tulimkalisha mama kwenye kiti roshani. Shemeji alikuja na shati jeupe, akaelekeza lile pipa lake, akachungulia. Akazungusha hiki, akalegeza kile, akachungulia tena. Mara hewa ni nzito. Mara mwezi wenyewe haujakomaa. Shati likaanza kulowa mgongoni. Mama alingoja, mikono mapajani, kama anayesubiri kinyozi amalize na mteja mwingine.

Mwishowe dada yangu, ambaye huwa hasemi kitu, aliinama akatazama ndani kupitia mdomo wa bomba. Akasema anaziona skrubu za nyuma ya kioo. Na kweli zilionekana, zote, kwa kuwa kioo kilikuwa kimebaki kitupu kama cha dirisha. Shemeji akasema haiwezekani, amekisafisha kwa mikono yake mwenyewe.

"Baba," mama akasema, "kioo chako kiko kwenye kile kitambaa."

Ndivyo ilivyokuwa. Vioo vya darubini hupakwa fedha upande wa mbele, na mwenye darubini chumba kizima hakulijua hilo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, wala sikujificha. Kisha nikauona uso wake, nusura nimhurumie. Nikalikumbuka kochi, huruma ikapita.

Mama akanituma nilete ile ya nyuma ya mlango wa jikoni. Ilikuwa ya kwanza kabisa kununuliwa, ndogo, bomba la bati, rangi imebambuka. Shemeji aliiona haifai kuwekwa na wenzake, dada akawa anaitundikia mwavuli. Hakuna aliyewahi kuisugua, na hilo ndilo lililoiokoa. Nikaiegemeza ukingoni mwa roshani, mama akaishika kwa mikono miwili, akahangaika nayo kidogo, kisha akatulia.

"Kumbe mwezi una makovu ya ndui," akasema taratibu. Akajisogeza. "Njoo uone, baba."

Shemeji aliinama kwa shingo upande. Hakuinuka. Dada alimwita kwa chai, akamwita tena, naye akabaki pale kinywa wazi hadi chai ikapoa.

Jioni hiyohiyo mama alilala kitandani, miguu imenyooka. Zile za shaba zimehamia kochini, zinang'aa, na wageni wanakaa kwenye viti vya jikoni. Ile ya bati iko kwa mama, dirishani. Mwezi ukiwapo, Mnajimu wetu husimama mlangoni kwa mama mkwe wake, dada akiwa ndani, na kupiga hodi kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Mama hamkaribishi upesi. Humwambia kwanza anyooshe mikono, aone kama hakuja na kitambaa.