Yowe Lisilohesabiwa

Wafadhili walipokuja Mbalibali mara ya kwanza, walikuja na swali zuri: vijana wa sekondari yetu wanaweza kutengeneza nini kwa mikono yao kitakachowasaidia wazazi wao? Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia, nimezoea kufundisha umeme kwa kuuchora ubaoni maana vifaa hatukuwa navyo. Swali lile lilinipa raha hadi nikakosa usingizi. Wanafunzi hawakufikiri sana. Walisema, tembo.

Tembo hutoka hifadhini mahindi yanapokomaa, na familia iliyolima tangu mvua za kwanza huamka haina kitu. Basi fedha za wafadhili zikanunua vihisio, spika, paneli ya sola na betri, na vijana wakajifunza kulehemu nyaya hadi vidole vikababuka. Mnyama mkubwa akipita, vihisio vilimtambua na mashine waliyoiunda ikatoa sauti. Tatizo lilikuwa sauti ipi. Tulijaribu mbwa anayebweka, tukajaribu debe linalopigwa. Tembo walizoea upesi, wakawa wanakula huku wanasikiliza.

Ndipo msichana mmoja wa kidato cha tatu akasema yeye atapiga yowe.

Yowe kwetu si kelele. Nimezaliwa Susuni, kule Tarime, na huku Serengeti ni vilevile: likipigwa, ng'ombe wameibwa au mtu yuko hatarini, na kila anayesikia hutoka na alichonacho mkononi. Asiyetoka ataulizwa, na jibu lake litakumbukwa hata siku ya kumwozesha binti yake. Msichana yule alisimama nyuma ya darasa, akavuta pumzi, akapiga. Hatujamaliza kurekodi, mpishi wa shule akatokea na mwiko, na nyuma yake wanaume wenye marungu, wanahema. Tulicheka mpaka machozi. Wafadhili, waliokuwa wamekuja kutazama siku hiyo, walicheka kuliko wote.

Tembo hawakuizoea sauti ile. Msimu huo watu walivuna.

Lakini kila mashine ilipolia watu walitoka mbio, kwa sababu miguu ya mtu wa huku ikisikia yowe haiulizi. Walichoka. Ukaitishwa mkutano wa kitongoji, na wazee wakasema jambo ambalo sikuwahi kusikia likisemwa: yowe la sauti ile lisihesabiwe. Mtu akilisikia, aendelee na shughuli zake. Watu wakanyoosha mikono kukubali. Msichana mwenyewe alikuwa ameketi karibu nami, naye akanyoosha wake, anacheka kwa fahari.

Siku ya tukio nilikuwa Mugumu kutafuta betri nyingine. Ninayoyajua nimesimuliwa na mama wa msichana yule, mara nyingi kuliko nilivyotaka. Alasiri alimtuma binti akatafute kuni karibu na mto, na kichakani kulikuwa na nyati aliyejeruhiwa. Mama alikuwa uani na jirani yake, wanachambua mboga. Wakasikia yowe. Mama akasema, "Leo mashine imeanza mapema," akaendelea kuchambua. Yowe likaja tena, na tena, kisha likanyamaza. Wachungaji waliokuwa wanarudisha ng'ombe ndio waliomkuta, giza likiingia. Hospitalini walimwokoa yeye. Mguu hawakuweza.

Kitongoji kizima kilikuwa kimesikia. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Hakuna aliyekuwa mvivu wala mwoga, wote walitii walichokubaliana.

Mashine ikazimwa. Msimu uliofuata tembo walimaliza mahindi. Vijana wakarekodi sauti nyingine, ya mvulana, kisha ya mama mtu mzima, na tembo hawakujali. Watoto wakaanza kulala na uji mwepesi. Mashine ikawashwa tena, kwa sauti ileile, na hakuna aliyekuwa na uso wa kwenda kumwambia mwenyewe. Hakuhitaji kuambiwa. Aliisikia akiwa kitandani.

Tangu hapo hajapaza sauti. Anaongea nawe vizuri, taratibu, lakini haiti mtu. Akimhitaji mama yake, anagonga kijiko kwenye kikombe cha bati.

Mwaka huu wafadhili wamerudi. Wako tayari kuijengea shule karakana, na kupeleka mashine Busawe na vijiji vingine. Wana sharti moja, nalo ni la haki: mwenye sauti akubali. Nikatumwa mimi. Nilikwenda nimekasirika njia nzima, na sikujua namkasirikia nani.

"Shikamoo, madam," alinisalimu kutoka kitandani.

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Naendelea tu."

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku anakunja na kukunjua pindo la shuka.

"Huko Busawe wakisikia, wataambiwa watoke?"

Sikutaka kumdanganya. "Mwanzoni watatoka. Halafu watachoka, mwanangu, kama sisi."

Akaliachia pindo. "Basi ichukueni, madam. Mimi siitumii tena."

Nikaaga, nikatoka uani, ambako mama yake alikuwa anasonga ugali. Kabla sijamkaribia, mashine ikalia upande wa mto. Ilikuwa sauti ya msichana mwenye miguu miwili. Mwiko ukaanguka, na mama akapita mbele yangu anakimbia, kichwa wazi, hana hata ndala. Anajua ni mashine. Anajua binti yake yuko ndani, amelala nyuma ya ukuta ule. Jirani aliniambia baadaye kwamba hukimbia hivyo kila inapolia, haikosi, na hakuna anayethubutu kumzuia.

Nilisimama pale nikimwangalia anavyozidi kuwa mdogo kati ya mahindi. Yowe lilipokwisha, nikasikia kijiko kinagonga kikombe ndani ya nyumba. Kikanyamaza, kisha kikagonga tena. Mama alikuwa ameshafika mbali. Nikageuka, nikaingia mimi.