Lukresia na Kochi la Kuazima

Lukresia Mgaya hajawahi kumpokea mgeni kwa aibu, na hilo ndilo lililomponza.

Anaishi Makambako, nyuma ya stesheni ya reli, kwenye chumba na sebule alivyoachiwa na mama yake. Polio ilimpoozesha mguu wa kulia akiwa na miaka mitatu. Hutembea kwa magongo mawili ya mbao, na kilima cha kwenda kanisani hukipanda kwa kasi inayowaaibisha wenye miguu yao yote. Kazi yake ni kufuma masweta ya shule. Baridi ya huku haimpi mtoto likizo, lakini sweta hununuliwa Desemba na Januari. Kuanzia Machi mnunuzi ni wa kumtafuta kwa tochi. Miezi hiyo alibebwa na ruzuku ya kaya maskini, aliyoandikishwa kwa ulemavu wake. Ilimpa unga, kuni, na nauli ya kwenda hospitali Ilembula mguu unapovimba.

Mwezi wa nne ilitangazwa kwamba maofisa watapita nyumba kwa nyumba kuwahakiki wote wanaopokea ruzuku. Mtu mwingine angeiacha nyumba ilivyo. Lukresia alisikia neno moja tu: wageni. Na kwao mgeni hakalishwi kwenye kigoda kinachoyumba. Jirani yake Damiano akaleta kochi, na vitambaa vyake juu. Mama Peace akaleta chupa ya chai na vikombe vya maua. Modesta, shoga yake wa tangu utotoni, akafika jioni na televisheni kichwani.

"Ya nini tena hiyo, nawe? Umeme wenyewe sina."

"Ya kupendezesha ukuta," Modesta akasema. "Wageni wa serikali hao, Luku. Wasije wakadhani sisi washamba."

Jogoo akachinjwa, naye alikuwa ndiye jogoo pekee. Maofisa wawili, kaka mmoja na dada mwenye kishikwambi, wakala, wakashiba, wakamsifu mwenye nyumba, wakaaga. Wiki tatu baadaye orodha ilibandikwa na jina lake halikuwemo. Alipouliza, akaonyeshwa mstari wake: kaya ina uwezo, ina kochi na televisheni.

Hakulia. Alipanda basi kwenda Njombe, makao makuu ya mkoa, akangoja kwenye korido yenye baridi kuliko nje, akaambiwa kwa upole kwamba rufaa huanzia kwenye mtaa na kwa diwani. Siku ya mwisho ni Ijumaa ya wiki inayofuata. Ikipita, atangoja uhakiki mwingine, na mwaka wake hakuna anayeujua.

Diwani wao, Timoth, ni mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Hupokea watu Jumatatu asubuhi kwenye ofisi ya kata. Jumatatu hiyo Lukresia alikuwa wa kwanza kwenye benchi.

"Kamwene, mama!"

"Kamwene, Mheshimiwa."

"Nasikia siku hizi unaangalia taarifa ya habari ukiwa umejilaza kwenye kochi."

"Naona umeshapata habari zangu. Basi sikiliza na zilizobaki."

Akamweleza yote, mpaka vikombe. Diwani alicheka hadi akavua miwani, kisha akavuta karatasi.

"Jambo dogo hili, mama. Tunaandika kwamba vitu ulikuwa navyo, ila wezi wamekuja wakabeba vyote. Nampigia mtu wangu simu. Ijumaa haifiki, umesharudi kwenye orodha."

"Ameniibia nani?"

"Hakuna aliyekuibia. Ni maneno ya karatasi tu."

"Basi polisi wakija kumtafuta mwizi watamkamata Damiano, maana kochi liko kwake."

"Mama Lukresia, unataka msaada au hutaki?"

"Nautaka sana. Siku ya kura nilisimama foleni kwa magongo haya, sikuomba kupitishwa mbele. Hii ruzuku ni haki yangu, Mheshimiwa. Sasa kwa nini niichukue kama mwizi?"

Diwani akaiweka kalamu chini. Tusimwonee, aibu ilimwingia, na kiongozi ambaye bado anaona aibu hajaharibika.

"Basi imebaki njia moja, nayo ni ndefu," alisema. "Jumatano kuna mkutano wa mtaa. Kila mwenye kitu asimame, aseme ni chake, iandikwe kwenye muhtasari. Nitausaini na kuupeleka Njombe mwenyewe. Kochi ni la Damiano. Vikombe?"

"Vya Mama Peace."

"Televisheni?"

Hapo ndipo Lukresia alipokumbuka. Modesta naye alikuwa kwenye orodha ya ruzuku, kama mjane asiye na msaada. Na alikuwa hivyo kweli, miaka ile, kabla mwanawe hajaanza biashara ya mbao na kumjengea nyumba ya bati la msauzi, lile la rangi. Siku ya uhakiki Modesta aliwapokea maofisa kwenye jiko la zamani, amejifunga khanga iliyochanika. Na televisheni yake siku hiyo ilikuwa wapi? Ukutani kwa Lukresia. Kumbe haikuja kupendezesha. Ilikuja kujificha.

"Mwenyewe atasema," alimjibu diwani.

Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwa Modesta, akamkuta anachambua maharage.

"Jumatano utasimama?"

"Nisimame niseme nini? Ili na mimi wanifute?"

"Mimi nimeshafutwa, kwa televisheni yako."

"Sema iliachwa na marehemu mama yako."

"Mama alikufa hajawahi hata kuigusa. Nimsingizie akiwa kaburini?" Lukresia akajiinua kwenye magongo. "Sitakutaja, Modesta. Lakini nikiulizwa, sitasema ni yangu."

Jumatano watu walijaa. Mwenyekiti wa mtaa alisoma rufaa, akaita wenye vitu. Damiano akaruka kusimama kama aliyeitwa kupokea zawadi.

"Kochi ni langu, na kunguni waliomo ni wangu. Anayebisha aje alikalie!"

Watu wakaangua kicheko. Mama Peace akadai vikombe vyake, akaongeza kwamba kimoja kilirudi na ufa.

"Televisheni?" mwenyekiti akauliza.

Watu wakageuka kutazamana.

"Labda ilijileta yenyewe!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Lukresia akasimama. "Si yangu. Mwenyewe ananisikia." Akaketi.

Mwenyekiti akagongagonga kalamu. "Ndugu zangu, bila mwenyewe siwezi kuandika. Na nisipoandika, rufaa ya mama huyu imekufa leo."

Lukresia aliinamia magongo yake. Hakugeuka kumtafuta mtu kwa macho. Pembeni, karibu na ukuta, Modesta alikuwa anafungua khanga na kuifunga upya, anafungua na kuifunga.

"Ni yangu, jamani!" akasema ghafla, kwa sauti ya mtu anayegombana. "Aliniletea mwanangu. Niliipeleka kule kuukwepa uhakiki. Andika hivyo hivyo, mwenyekiti, kabla sijabadili mawazo."

"Na ruzuku yako, mama?"

"Nifute. Unaniuliza nini?"

Ikaandikwa. Diwani alisaini palepale, na Alhamisi akaupeleka muhtasari Njombe, kama alivyoahidi. Mwisho wa mwezi jina la Lukresia lilirudi kwenye orodha, na la Modesta likatoka.

Kwa wiki mbili nzima Modesta hakumsalimia Lukresia, hata kanisani. Wiki ya tatu akaingia bila hodi, akaketi kwenye kigoda.

"Nifumie sweta," alisema. "Zito, la mikono mirefu. Na bei usinipunguzie hata senti. Mimi si maskini. Mtaa mzima umeandika."

Lukresia akachukua kamba na kumpima mabega.